Herufi Kubwa za Mama Njeri

Wasee, leo nimemharibia mtu kazi nikidhani namsaidia.

Mama Njeri ndiye taipisti wa ofisi yetu hapa Makongeni. Macho yake yamefifia, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Kila asubuhi namwekea herufi kubwa kwa kompyuta. Bosi akikaribia, narudisha ndogo.

Jana jioni nikajiona mjanja. Nikaiseti ikiwashwa tu ilete herufi kubwa, nyeupe juu ya nyeusi. Nilitaka akifika akute iko tayari.

Kumbe leo bosi ametoka Ruiru mapema. Akaiwasha yeye.

"Nani haoni hapa?"

Nikajifanya napanga faili.

Mama Njeri akaweka kiondo chini. "Ni mimi."

Woiye.

Akipita kwa meza yangu akasema polepole, "Kamau, si ungeniuliza?"

Anahamishiwa stoo, kuhesabu magunia. Na hiyo barua ya kumhamisha ameambiwa aichape mwenyewe, kwani nani mwingine hapa anajua kuchapa?

Ameichapa kwa herufi zangu kubwa, amekaa wima, hajainamia kioo.

Hakukosea hata mahali pamoja.