Ukuta Niliojenga Bila Ruhusa

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nyumba yetu iko juu kidogo ya Petite Barrière, kituo kidogo cha kuvukia mpaka wa Kongo, karibu na Goma kiasi kwamba milio ya bunduki ilipoanza kule, ilisikika mpaka jikoni kwetu. Siku hizo, pikipiki ikipiga kelele barabarani niliinama kama mjinga. Tuliishi wawili tu, mimi na Mama, ambaye alikuwa amepita miaka sabini na ameanza kuchanganya siku.

Jirani yetu alikuwa mzee mshonaji, mtoto wa familia ya Kiislamu ya zamani hapa mjini. Kati yetu na yeye palikuwa na ua wa miyenzi, vile vichaka vya utomvu mweupe ambavyo kila mtu hapa hupanda. Nyuma ya jiko, ua huo ulikuwa na mwanya wa kupita mtu mmoja. Wazee wa kwetu hawakuzungushia nyumba ua bila kuacha njia ya nyuma, mtu apate pa kupita ikiwa mbele hakupitiki. Mama aliutumia kila siku kwenda kuota jua na mke wa mshonaji.

Mimi nikiutazama mwanya ule niliona wezi, niliona risasi, niliona kila aina ya balaa ikiingia bila hodi. Nikaamua kung'oa miyenzi na kujenga ukuta wa mawe meusi ya volkano.

Kanuni nilizijua, maana zilisomwa mkutanoni baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukuta haujengwi bila ruhusa ya maandishi ya sekta, ofisi ya serikali ya eneo letu. Ua wa mimea ulio mpakani hauondolewi mpaka majirani wote wawili wasaini. Lakini ruhusa huchukua wiki nyingi, na hofu yangu haikuwa na subira hiyo. Nikafanya wafanyavyo wajanja: nikaita mafundi Jumamosi mchana, ofisi zikiwa zimefungwa, wakajenga mpaka Jumapili jioni.

Mshonaji alisimama upande wake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Sasa mi nitapita wapi kuwasalimia?"

"Utapita kwa barabara, mzee, kama mugeni wa heshima," nikamtania.

Hakucheka. Mama naye aliyatazama mawe yakipanda, akaniuliza, "Na siku ya kukimbia, tutapita wapi?"

"Hatutakimbia, Mama. Ndiyo maana najenga."

Jumatatu asubuhi afisa wa ujenzi alikuwa mlangoni.

"Madamu, hii ukuta iko na ruhusa?"

Nikajitia kutafuta karatasi kwenye mkoba, kana kwamba ingejiandika humo. Alinisubiri kwa adabu, kisha akapiga alama ya X nyekundu kwenye mawe. "Bon. Siku saba. Ukikosa kubomoa, sisi tutabomoa."

Nilizihesabu siku hizo nikiomba asahau. Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, nikiwa kazini mjini, nilisikia mlipuko ambao haukuwa wa upande wa pili wa mpaka tena. Vioo vililia. Watu walijaa barabarani, wote wakishuka, na mimi peke yangu nikipanda.

Ni katikati ya watu wale nilipokumbuka kufuli. Kila asubuhi, Mama akimaliza uji, nilikuwa nafunga geti kwa nje ili asitoke akapotea. Alishatoka mara mbili kutafuta nyumba tuliyoiacha Kongo miaka mingi iliyopita. Zamani kufuli halikunisumbua moyo, kwa kuwa alikuwa na mwanya wake wa nyuma, na kule kwa jirani mke wa mshonaji alimwangalia. Sasa nilikuwa nimemfungia ndani, na mabomu yalikuwa yanaanguka. Nilikimbia nikijitukana kwa sauti.

Nilipofika nilisikia nyundo. Mshonaji alikuwa anauvunja ukuta wangu kwa upande wake, anahema, anaita, "Maman! Toka! Ni sisi!" Nikafungua kufuli la geti, nikaingia mbio. Ndani sikumwona Mama, si sebuleni, si chumbani. Nilimkuta jikoni, amejikunja nyuma ya gunia la makaa, kitenge kimelowa, kiganja chake mdomoni. Kila nyundo ilipogonga, mwili wote ulishtuka.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Banavunja ukuta. Bako wengi."

"Ni jirani, Mama. Amekuja kukutoa."

"Hapana. Kwanza balifunga mulango kwa inje. Balijua mi niko ndani."

Nikamwinua, nikambeba mgongoni mpaka kwenye tundu lililopasuliwa kati ya mawe, mshonaji na mkewe wakampokea kwa mikono. Mchana milio ilinyamaza. Nyumba yetu haikuguswa na kitu chochote isipokuwa nyundo ile.

Jumatatu iliyofuata afisa alirudi, akaliona tundu, akanisifu kwa kuanza kubomoa kabla ya muda. Nilimshukuru. Mawe yaliyobaki niliyaondoa mwenyewe, na mshonaji alinisaidia kupanda miyenzi mipya bila kunisemesha sana.

Mama ni mzima. Siku nyingi hakumbuki kama amekula, lakini siku ile hajaisahau. Hunishika mkono, mimi, mtu pekee ambaye yeye anamwamini, akaniuliza kama wale waliofunga mlango wamekamatwa. Namwambia bado.