Maziwa Yaliyobaki Langoni

Kwenye lango la hospitali moja ya Masisi kuna ubao wenye maandishi ya bluu. Wageni huingia kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili. Watu wawili kwa kila mgonjwa. Hakuna kukaa juu ya kitanda. Mvua za milimani zimekula nusu ya herufi, lakini hakuna aliyehangaika kuzipaka upya, kwa sababu ubao wenyewe hasa ni Viateur Habumugisha.

Huu ni mwaka wake wa kumi na moja kama sentinelle, mlinzi wa lango hilo. Asubuhi hupalilia maharagwe yake kwenye mteremko ulio nyuma ya hospitali. Saa tano na nusu hunawa miguu, huvaa koti lake la kaki, na kuketi karibu na bomba la maji. Kila sheria huisema kana kwamba ni shauri alilomwekea mtu huyo mmoja tu. Anayekuja analia humwonyesha bomba: alie hapa kwanza, anawe uso, ndipo aingie. Kwaya ya watu kumi na watano huiambia ichague wawili wenye sauti ndogo. Na wale mama wanaopenda kumwambia mgonjwa jinsi alivyokonda, huwashika mkono na kuwaomba wazungumzie mvua.

Sheria moja haimo kwenye ubao. Maziwa hayaingii.

Hiyo aliitunga mwenyewe baada ya kosa la mwaka wake wa kwanza. Kijana mmoja alikuwa amepasuliwa tumbo, na mjomba wake akaja na maziwa kutoka malishoni. Viateur aliyaacha yapite, kisha akamfuata kijana kitandani kumkumbusha asinywe. Aliona hiyo inatosha. Kijana aliitikia vizuri sana, na Viateur alipogeuka tu, akanywa vikombe viwili. Mjomba alikuwa amesimama pale akimtazama, angemkataliaje? Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limevimba, wakamrudisha kwenye chumba cha upasuaji. Alipona, lakini alilala miezi miwili, na kila siku ya miezi hiyo Viateur alipita dirishani pake.

Wakulima hawamsumbui. Gunia la maharagwe likiachwa langoni halikasiriki. Lakini katika familia za wafugaji, maziwa hubebwa ili yanywewe mbele ya aliyeyaleta, na kuyarudisha ni kumrudisha mtu mwenyewe.

Jumatano moja, saa sita na robo, akafika Papa Semana. Alikuwa ametembea saa tatu kutoka juu, goti moja bovu, fimbo mkono huu, na mkono ule icyansi, chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko kilichosukwa. Alikuja kumwona Umutoni, mke wa mwanawe Shyaka. Utumbo wa Umutoni ulikuwa umejikunja, akapasuliwa Jumatatu. Shyaka alikuwa Pinga kwenye biashara yake ndogo na habari ilikuwa bado haijamfikia. Aliyebaki kumuuguza ni Murekatete, mdogo wa Umutoni. Madaktari walikuwa wamesema Umutoni asiweke kitu mdomoni mpaka tumbo liamke, na dalili ya kuamka ni moja tu: apitishe upepo. Basi chumba kizima, wagonjwa na wauguzi, kilikuwa kikimwombea Umutoni ushuzi mmoja.

"Papa, maziwa inabakia hapa," Viateur alisema. "Wewe ingia."

"Sikutembea masaa tatu kuletea sentinelle maziwa."

"Sitainywa. Nitaichunga."

"Utaichunga namna gani? Nyinyi batu ya maharagi, ng'ombe munaijua kwa mbolea."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, na Viateur akacheka nao, akakubali kwamba ni kweli, na kwamba hata hiyo mbolea wanauziwa ghali. Lakini hakuondoka mlangoni. Semana naye akaketi kwenye benchi, chombo magotini, kama mtu aliyehamia.

Saa saba ikapita. Ilimbidi mzee awe njiani saa nane ikilia, la sivyo asingewahi kukamua jioni, na wageni walikuwa tayari wameanza kutoka. Viateur akaketi kando yake, akamuuliza kwa nini lazima iwe maziwa.

Semana alijibu akikitazama chombo. Mwaka jana, watu walipokimbia vita kwenda Sake, yeye goti lilimshinda njiani, akawaambia wengine waende. Umutoni alirudi peke yake. Akampa bega lake aliegemee, na kwa mkono mwingine akavuta kamba ya ng'ombe mmoja aliyebaki, siku mbili nzima kwenye matope mpaka Sake. Ng'ombe yule alikuwa amezaa majuma mawili yaliyopita, na haya yalikuwa maziwa yake. Semana hajawahi kumshukuru yule binti. Baba mkwe hasimami mbele ya mke wa mwanawe akamwaga maneno. Maziwa ndiyo yangesema.

Miaka kumi Viateur alikuwa akijilaumu kwa kufungua lango siku ile, na sasa akaona kwamba kosa halikuwa langoni. Akamsimulia mzee habari ya kijana na vikombe vyake viwili.

"Nilikosea muntu, Papa. Niliambia mugonjwa. Nilipaswa kuambia mujomba." Akasogea karibu. "Umutoni akikuona na hii maziwa, atakunywa. Hata dokteri amufunge mikono. Mwenye anaweza kumukataza njo wewe, na hakuna mwingine."

Semana akauliza kama ni kitu cha kumuua. Viateur akamwambia kinaweza.

Mzee akakiweka chombo mikononi mwa Viateur, taratibu, kama anayempa mtoto mchanga. Akanawa bombani. Viateur akakiweka chombo juu ya kiti chake, akamwachia Mama Céline, mfagiaji, alinde lango na maziwa, akamsindikiza mzee ndani.

Semana alitembea kama aliyesahau shati nyumbani. Hakujua mikono aiweke wapi. Mara mfukoni, mara nyuma, mara yote miwili kwenye fimbo. Umutoni alipomwona alijaribu kuinuka, Murekatete akamzuia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono ya baba mkwe wake, yakitafuta.

Semana aliutazama ukuta ulio juu ya kitanda.

"Maziwa iko. Ni ya ile ng'ombe ya njia ya Sake. Usiikunywe. Mimi njo nakukataza. Na aksanti, mwanangu. Hiyo aksanti nimeichunga mwaka muzima."

Umutoni alijifunika uso kwa shuka. Viateur akajikuta akikagua dirisha ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Baadaye sauti ndogo ikatoka chini ya shuka ikiuliza kama ndama ni dume au jike.

"Jike," alisema Semana. Akakaribia kuketi kitandani kwa furaha, Viateur akamsukumia kigoda.

Saa nane kasoro dakika tano mzee alikuwa tena langoni. Alifungua icyansi, akamimina maziwa kwenye kikombe cha Viateur cha chai, akamwambia anywe mbele yake. Viateur alikuwa amesema kwamba hatayanywa. Aliyanywa yote, mzee akimtazama, na wakati anameza akamkumbuka kijana wa mwaka ule. Yaliyobaki yakazunguka benchi.

Kesho yake, saa sita kasoro robo, Murekatete alikuja mbio mpaka langoni. Alipofika haya zikamshika. Akaangalia chini na kusema tu, "Imepita." Benchi zima lilielewa, mama mmoja akapiga vigelegele, na Viateur, ambaye kila siku huwanyamazisha watu, hakumnyamazisha. Alimsimamisha mwendesha pikipiki aliyekuwa akipanda mlimani, akamtuma kwa Papa Semana na maneno mawili: tumbo imeamuka.

Jumapili, saa sita kamili, mzee alikuwa pale na chombo chake. Akakinyoosha mwenyewe kwa Viateur bila kuulizwa. Viateur alikwenda kwa muuguzi Nicole, akarudi na jibu: kikombe kidogo, yakishachemshwa. Basi Mama Céline akayachemsha jikoni, na Viateur akakibeba kikombe kwa mikono miwili kupita ua, akiogopa kumwaga hata tone, Semana akichechemea nyuma yake. Umutoni alikipokea kwa mikono miwili pia. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, mbele ya wote wawili. Mzee alibaki amesimama kando ya kitanda mpaka saa nane. Kigoda alikisahau.