Mtihani wa Mtu Mmoja Chumbani

Tangu alfajiri Mama Vifungo hakai. Wateja ndio waliompachika jina hilo, kwa kuwa hata ukimletea nguo ya kupunguza urefu tu, lazima akague vifungo vyote na kukaza kilicholegea. Leo cherehani ameifunika shuka, anazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Binti yake alikuwa karani wa mapokezi zahanati. Mkuu wake alishamwambia wazi: asiyejiandikisha kusomea shahada hadi mwisho wa mwezi, kiti chake atapewa mwingine. Chuo pekee kilichomfaa mtu wa kazini kilikuwa cha mtandaoni. Vyeti vilishapita, barua ya mwajiri ilishapita. Kilichobaki ni mtihani wa kuingilia, unaofanyiwa nyumbani huku kamera ya kompyuta ikikutazama. Uwe peke yako chumbani. Usiongee. Usichezeshe midomo.

Hilo la midomo ndilo lililomnyima Mama Vifungo usingizi. Binti yake, tangu darasa la kwanza, hasomi bila kuchezesha midomo, utadhani anatafuna.

"Leo nitajibana, mama. Ila wewe toka nje, tafadhali. Usije ukapita nyuma yangu."

"Nipite nyuma yako, nimekuwa mwizi?"

"Mama!"

"Haya, mwanangu, natoka."

Akatoka. Akaenda kwa jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, akamwomba azime mashine kwa muda.

"Kwani binti anafanya mtihani au anajifungua?" fundi akauliza.

"Zima, nisije nikakuzima wewe."

Fundi akacheka, akazima. Mtaa ukatulia, moyo wa mama ukakataa. Nani atamkumbusha mtoto midomo? Akarudi kwa mlango wa uani, kinyatinyati, akajibanza nyuma ya pazia linalotenga kitanda. Alikuwa amepiga hesabu zake: kamera inamtazama binti, yeye yuko mgongoni mwa kompyuta. Haiwezi kumwona.

Akachungulia. Midomo inacheza!

Akatoa mkono, akaweka kidole mdomoni. Binti akainua macho, akashtuka. Kompyuta ikalia. Si unaona, mama akajisemea, wameshaiona midomo. Binti akarudisha macho kwenye kioo, akasoma, midomo ikaanza upya. Mama akajibana midomo kwa vidole viwili kama anayeshika pindo. Binti akainua macho tena, akamkazia: toka! Kompyuta ikalia mara ya pili. Jasho likamtiririka mama. Mtoto anazama, naye amesimama tu? Akatoa kichwa kizima nje ya pazia, akapunga mikono yote miwili.

Kompyuta ikalia mara ya tatu, kioo kikawa chekundu.

"Nilikwambia mimi! Midomo!"

"Si midomo, mama." Sauti ya binti ilikuwa ya chini. "Wameandika hapa. Mtahiniwa ameangalia pembeni mara tatu. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mama akaketi kitandani.

Binti akapiga simu ya huduma ya chuo, akaiwekea kipaza sauti. Mwanamke wa upande wa pili alisema mtihani hurudiwa tu kama umeme au mtandao ulikatika.

"Kwenu ulikatika umeme, au kulikuwa na mtu mwingine chumbani?"

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha kidole kwenye taa: umeme, sema umeme! Binti akaitazama taa inayowaka.

"Ndiyo. Mama yangu."

"Alikuwa anakusaidia?"

"Alidhani ananisaidia."

"Pole, dada. Hapo siwezi kitu. Udahili utafunguliwa tena mwakani."

Simu ikakatika.

"Kwa nini hukusema umeme, mwanangu? Kwa nini?"

"Kila kitu kimerekodiwa, mama. Taa inaonekana inawaka."

Hakumfokea. Heri angemfokea. Alifunga kompyuta, akavaa viatu, akasema anakwenda zahanati kumweleza mkuu mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mama akainuka amsindikize mpaka mlangoni, kisha akajizuia. Hakujua tena asimame wapi ambapo hatamharibia.