Sauti Chini ya Kiti

Mume wangu aliniachia watoto wawili, stoo ya mahindi karibu na soko la Sumbawanga, na pikapu. Kuhusu watoto na stoo hakuna aliyeuliza kitu. Pikapu ndiyo iliyopata wengi wa kuihurumia.

Nilijua kuendesha tangu zamani, kwa hiyo msiba ulipopoa nikaanza kwenda mwenyewe vijijini Mwimbi kufuata magunia ya mahindi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Msimu wa mavuno hausubiri mtu avue nguo nyeusi. Ni katika safari hizo nilipoisikia ile sauti. Ilitoka chini, kati ya kiti changu na cha abiria, kila nilipokanyaga mafuta kupandisha kilima: mngurumo mzito wa kukwaruza, kama mtu anayesaga ulezi kwa jiwe chumba cha pili. Nikiondoa mguu, inanyamaza. Nikikanyaga tena, inaendelea palepale ilipoishia.

Fundi wetu alikuwa yuleyule aliyemtengenezea mume wangu miaka yote, mtu mzima na mwenye subira. Mara ya kwanza nilimpelekea gari baada ya kushusha mahindi stoo. Ndivyo tunavyofanya sote tunaouza nafaka. Hakuna anayepeleka gari gereji likiwa na magunia mgongoni. Fundi hataki kulala chini ya mzigo wa watu, na mwenye mzigo hataki kuuacha mahali pasipo na mlango. Kwa hiyo unashusha kwanza, unafagia punje zilizobaki, ndipo unakwenda kwa fundi, kama mtu anavyooga kabla ya kwenda hospitali.

Alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza. Kisha akashika usukani mwenyewe, tukatoka nje ya mji, akatafuta kilima na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Hakuna kitu. Pikapu ikapanda kwa adabu zote, kama mtoto mtukutu mbele ya mgeni. Akaniambia nirudi ikizidi. Nikarudi, nikarudi tena. Akakaza bomba la moshi, akabadilisha raba zinazoshikilia injini, akapaka grisi kila palipopakika. Nami nikienda Mwimbi kupakia, sauti ninayo njia nzima ya kurudi.

Mara ya mwisho alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," akasema, "gari hili ni zima. Labda wewe upumzike kidogo."

Nikachukua ufunguo, nikaondoka. Ningemjibu ningemvunjia heshima, na alikuwa mtu mwema. Lakini njia nzima nilichemka. Mjane akisema kichwa kinamuuma, ni huzuni. Akisema gunia limepungua, ni huzuni. Akisema gari linanguruma, ni huzuni pia, na apewe pole. Nilikuwa nimechoka kupewa pole na watu wasionisikiliza.

Habari ikamfikia shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Sumbawanga ni mji, ila maneno yake yanatembea kama ya kijijini. Sitaki kumsingizia ubaya. Ndiye aliyekuwa na kaka yake wodini siku zile za mwisho, akimgeuza na kumnywesha uji, nami nikikimbia huku na huku na watoto. Lakini alikuja kwangu jioni moja, akakataa chai, akasema familia ina wasiwasi. Mtu anayesikia vitu ambavyo hata fundi havisikii hafai kupanda na kushuka vilima peke yake. Siku ya kuweka msalaba kaburini, ukoo ukiwa umekaa pamoja, angetoa wazo kwamba gari liwe chini yake, nami niwe naletewa mahindi hapo hapo stoo. Akasema ni kwa ajili yangu.

Kuletewa mahindi si jambo dogo. Mwanamke anayeletewa kila kitu, siku moja huletewa na maamuzi. Isitoshe, mimi ni mtu wa Mbeya. Kwa watu wa mume wangu nilikuwa mgeni aliyependwa, na sasa yeye hayupo, sikujua kilichobaki ni mapenzi au ni ugeni.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kumwamini shemeji. Nilizima redio ya gari ili nisikilize vizuri. Siku nyingine nilisimama njiani, nikateremka kwenye upepo ule wa baridi wa Ufipa, nikakaa kando ya shamba lililokwisha kuvunwa nikijiuliza kama akili yangu bado ni yangu. Niliogopa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyewahi kushuku masikio yake mwenyewe ndiye atakayenielewa.

Mwaka ulipotimia tukaenda kuweka msalaba kijijini kwao, mbele kidogo ya Mwimbi. Msalaba wa zege ulitengenezwa mjini. Tukaulaza nyuma ya pikapu juu ya nyasi kavu, pamoja na mifuko ya saruji, marumaru za kujengea kaburi na masufuria makubwa ya kupikia. Shemeji alikuwa ametangulia na basi. Mama mkwe, aliyekuwa kwangu kwa matibabu ya macho, akakaa mbele pamoja nami.

Mama mkwe si mtu wa maneno mengi. Nyumbani huzungumza Kifipa tu. Kiswahili anakitunza kwa ajili ya ofisi na kanisa, kama kitenge cha sikukuu. Tulisali rozari mpaka tukaumaliza mji, kisha akauelekeza uso dirishani ingawa macho yake hayafiki mbali.

Kwenye kilima cha kwanza nikakanyaga mafuta, ikaja. Ilikuwa nzito kuliko siku zote. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Hakugeuka. Ila nilimwona akivua ndara ya mguu mmoja, akaweka unyayo mtupu kwenye sakafu ya gari, akauacha pale. Sikuthubutu kumuuliza. Kama angesema hasikii kitu, ningekuwa nimepata jibu langu.

Na kilimani hapo, saruji na msalaba wa mume wangu vikiwa vimeilalia pikapu, ndipo nilipofunguka akili. Sauti ilikuwa ya mzigo. Asubuhi nikienda Mwimbi gari likiwa tupu sikuwahi kuisikia. Niliisikia wakati wa kurudi. Na kila nilipokwenda kwa fundi nilikuwa nimeshashusha na kufagia. Juma lililofuata fundi alikubali kulala chini ya magunia, huku akinung'unika, akakuta beringi ya katikati imekwisha, ile inayoshika shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Gari likiinama kwa uzito, shafti inakaa upande na kusaga. Aliniomba radhi. Lakini hayo yalikuja baadaye, na kikao kilikuwa siku ileile ya msalaba.

Wanaume walikoroga zege, wanawake tukaimba, msalaba ukasimama. Baada ya chakula tukakaa uani. Shemeji alitoa wazo lake la gari kwa upole, kwa Kifipa, nami nilielewa kila neno. Alipomaliza nikaomba nafasi, nikaeleza kwamba sauti ipo, na kwamba inakuja gari likiwa na mzigo tu. Niliwaona wazee wakitazamana kwa huruma, ile huruma niliyokwisha kuizoea. Ukishahesabiwa mgonjwa, hata maelezo yako yanahesabiwa kuwa ugonjwa.

Mama mkwe akaomba ashikwe mkono asimame. Akasema kwa Kiswahili, kile cha ofisini.

"Sauti ipo. Nimeisikia leo kwa mguu wangu."

Shemeji akataka kusema jambo, mama yake akamwinulia kiganja. Kisha akanigeukia mimi, akawaacha wao.

"Na mwanangu aliisikia. Alikuja kuniletea mbegu na mbolea, gari limejaa, naye ameshaanza kuumwa. Akanipandisha, akaniambia niweke mguu pale. Akasema, mama, usimwambie mke wangu, atanikataza kuendesha. Nikipona nitalitazama."

Akakaa. Habari za pikapu ziliishia hapo, ikabaki mikononi mwangu. Wazee wakaingia katika mambo ya shamba.

Mimi nilinyanyuka, nikazunguka nyuma ya nyumba lilipoegeshwa gari. Nyasi za msalaba zilikuwa bado zimetapakaa nyuma. Nikakaa kwenye usukani, mlango wazi, nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Alikuwa ameisikia kabla yangu, njia ileile, vilima vilevile, na alikusudia kupona.