Mayowe ya Filamu Siku ya Marehemu

Siku ya kuwaombea marehemu, mama na ndugu zangu walikuwa kijijini Mugeta wakipalilia kaburi la baba. Mimi nilibaki nyumbani kwangu Makoko. Nilikuwa nimewaambia nina kazi za ofisi, kumbe natazama filamu za zamani za kutisha, zile tulizoziona utotoni kwenye banda la video tukarudi nyumbani mbio. Sasa, msomi mzima, nilijidai nachambua vivuli na muziki, huku miguu nimeikunja juu ya kochi.

Mama alipiga simu wakati maiti anatoka kaburini na wanawake wanapiga mayowe.

"Mwanangu, nani hao wanalia?"

"Jirani, mama. Wamefiwa," nilijibu kabla sijafikiri.

"Jamani! Na wewe unakaaga ndani watu wakilia? Nenda ukakae na wafiwa. Amekufa nani?"

"Mzee wa nyumba ya pili."

Nikamsikia akiwatangazia wenzake. Majembe yakanyamaza, wakaanza kumwombea. Dirishani nilimwona mzee mwenyewe akimwagilia mchicha wake. Nilizima televisheni, nikasimama wima, simu sikioni, nikaitikia sala yote mpaka Amina.