Chupa Mbili za Nélida

Kitu cha kwanza ambacho Rosina alikiona kwa mtafiti Nélida Etcheverry ni chupa mbili za chai, moja kila kwapa. Ya kijani ilikuwa na maji moto ya yerba mate, chai ya majani machungu inayonywewa kibuyuni, kama ya kila mtu Montevideo. Ya bluu ilijaa barafu, na ndani ya barafu vichupa viwili vya tishu ya titi la mgonjwa mmoja: kimoja cha uvimbe wa saratani, kingine cha sehemu yenye afya iliyo kando yake. Kila Jumanne alishuka nazo kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara, akipiga mluzi.

Alikuwa akitafuta telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu ili seli izidi kugawanyika. Katika tishu yenye afya mara nyingi hunong'ona tu; katika saratani hupiga kelele. Lakini joto hukiua.

Jumanne moja mafua yalimbana, akamtuma Rosina, aliyekuwa na wiki chache tu kazini. Njiani Rosina alipita mgahawani, akaiweka chupa ya bluu kaunta ili achague andazi. Na Walter wa mgahawa, akiona chupa kaunta, huijaza maji moto. Haulizi, wala hatazami ndani.

"Walter! Umefanya nini?"

"Nimekujazia, mrembo. Siku hizi hamshukuru?"

Rosina alivichomoa vichupa, akavizika kwenye ndoo ya barafu ya kupoozea soda, akatimua mbio na ndoo ya watu.

Nélida alimsikiliza, akapenga kamasi. "Sisi huchemsha nusu ya kila sampuli makusudi, tuone kipimo kikinyamaza. Wewe ukaona bora upike yote!"

"Nisamehe, dada. Yule mama aliyetoa tishu hatakatwa tena kwa ajili yetu."

"Ndiyo maana tunapima. Mistari ya kipimo ikijipanga kama ngazi upande wa saratani, kimeng'enya kimepona. Isipojipanga, hatutajua kama hakikuwamo au Walter kakimaliza, na zawadi ya yule mama imepotea bure."

Walifanya kazi hadi jua likaegemea dirishani. Hatimaye mashine ikaanza kuchora picha kwenye skrini, polepole, kutoka kushoto. Sehemu zilizochemshwa: tupu, kama inavyotakiwa. Tishu yenye afya: ukungu mwembamba tu.

"Kunywa yerba mate kwanza," Nélida alisema, akimsogezea kibuyu.

Rosina alikipokea bila kunywa. Upande wa saratani ulikuwa ndio kwanza unaanza kuchorwa.