Sabuni ya Gredi ya Nane

Mastura hajawahi kununua yai bila kulitikisa sikioni. Maziwa huyadondosha kwanza tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba, aone kama litateremka mbio kwa sababu ya maji. Akiingia kwenye duka la nyama hapa mtaani Rhonda, anataka aonyeshwe kisu, halafu anauliza kisu hicho kimekata nini tangu asubuhi. Sisi wapangaji wenzake tumemzoea. Watoto wetu wakimwona anakuja huficha mikono mgongoni hata kama hawajashika kitu, maana watahojiwa tu.

Babu yake alikuja Nakuru kutoka Mombasa akifuata kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na pwani ameiona mara moja, kwenye mazishi. Ni mjane, mfupi, mwepesi wa miguu, na ana kikohozi kinachomrudia kila mvua ikianza. Anauza viazi karai na bajia mbele ya geti la ploti yetu. Mwanawe Jalal anafanya kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha na amepanga chumba Karagita. Binti wa Jalal, Najwa, analelewa hapa na nyanya yake kwa sababu ya shule.

Na shule ndiyo iliyozua mambo.

Najwa yuko gredi ya nane. Zamani, Mastura hutuambia huku akigeuza viazi, mtoto alikuwa anaenda shule na kalamu. Siku hizi anaenda na nusu ya nyumba. Muhula huu peke yake Najwa ameomba gunia kuukuu wajifunze kupanda sukuma bila shamba, akaomba nguo iliyochanika wajifunze kutia kiraka, akaomba majani ya kunde wajifunze kuyaanika yasioze. Kila ombi lilipita mahakamani.

"Hiyo kunde mkishaianika, nani anaikula?"

"Ni ya kujifunza, Nyanya."

"Sikuuliza ni ya nini. Nimeuliza nani anaikula."

Mastura alikuwa ameshafikia uamuzi wake kuhusu Elphas, mwalimu wa Kilimo na Lishe. Kwa maoni yake, kijana huyo alikuwa anaendesha nyumba yake kwa vitu vya wazazi na kuita hiyo masomo. Mwalimu alipotaka video ya kila mtoto akianika mboga nyumbani, itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, Mastura alikubali kuipiga, lakini kwanza alifunika ukuta mzima kwa leso ili wazazi wenzake wasijue ana nini ndani. Halafu akafunika na dirisha. Video ikatoka giza tupu na Najwa akaambiwa arudie.

Hayo tulikuwa tunayacheka. Kulikuwa na moja ambalo hakuna aliyelicheka, nalo ni nguruwe. Nyuma ya shule ile kuna mtu anayewafuga, na Mastura alikuwa amesikia kwamba somo hilo la Kilimo huwapeleka watoto kuangalia mifugo. Alimwambia Najwa wazi, mbele ya Jalal: siku nikisikia umeshika kitu cha yule mnyama, unafunga virago, unaenda kukaa na baba yako Karagita, na shule utatafutiwa huko. Najwa anaipenda shule yake. Alijua pia kwamba nyanya yake hasemi kitu kama hicho kwa mzaha.

Sasa nimlete Mugure, ambaye sisi humwita Mama Kihara. Mlango wake unatazamana na wa Mastura. Kwao ni Kabazi, na hapa anauza makaa kwenye kibanda kando ya geti, hatua chache kutoka kwenye karai la Mastura. Wamekaa hivyo miaka mingi, mmoja akinusa moshi wa mwenzake. Mama Kihara ndiye mtu pekee niliyemwona akiweza kuishi na maswali ya Mastura bila kununa. Akipika chapati, alikuwa anavuka uwanja na sahani mkono huu na pakiti tupu ya mafuta ya kupikia mkono ule.

"Soma, Mama Jalal," anasema.

Mastura anasoma pakiti mbele na nyuma, anairudisha, ndipo anakula. Na anakula kweli, mpaka anaramba vidole. Wengine tungeona ni matusi. Mama Kihara alikuwa anasema tu kwamba kila mtu ana mlango wake wa kuingilia.

Halafu kuna lile kopo. Kila Idi ya kuchinja Mastura huomba mkia wa kondoo, akayeyusha mafuta yake polepole, akayachuja na kuyamimina kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha buluu. Hiyo ndiyo dawa yake ya kifua mwaka mzima. Kopo lilikuwa linakaa ndani ya ndoo, ndoo nyuma ya gunia la mchele, gunia chini ya kitanda. Baridi ikimkamata, Mama Kihara alikuwa anaingia, anapasha kijiko kimoja kwenye jiko, anamsugua kifua na mgongo mpaka kikohozi kinalala. Kwa hiyo, ukiacha watu wa nyumba ile, mtu mmoja tu alijua kopo linakaa wapi.

Mvua ya Aprili iliponyesha mfululizo, kifua kikaanza. Mastura aliinama chini ya kitanda akatoa gunia, akatoa ndoo. Ndoo ilikuwa tupu.

Hakumuuliza Najwa, maana Najwa alikuwa shuleni, na pia kwa sababu hasira haikumpa nafasi. Alitoka moja kwa moja hadi kwenye mfereji, ambako Mama Kihara alikuwa anateka maji na sisi wengine tunafua.

"Mama Kihara, nirudishie kopo langu."

"Kopo gani?"

"Lile unalijua. Usinifanye mtoto."

"Ya mafuta? Mimi nichukue mafuta yako niifanyie nini, Mama Jalal?"

"Wewe ndio unajua. Mahali ilikuwa, ni wewe tu unajua."

Mama Kihara aliweka mtungi chini. Alijipangusa mikono kwenye kikoi alichojifunga, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejipa muda.

"Nimekusugua mgongo na hii mikono," akasema. "Sawa. Mlango iko wazi. Ingia utafute."

Mtu mwingine angeona haya, angerudi kwake. Mastura aliingia. Tulimsikia akisukuma kitanda, akifunua sufuria, akipekua mpaka kwenye unga. Alipotoka alikuwa na unga hadi kwenye viwiko na hakuwa na kopo.

"Basi umeshaiuza," akasema.

Niliona aibu mimi, na sikuwa nimefanya lolote. Mama Kihara aliingia ndani akafunga mlango, na tangu siku hiyo sahani haikuvuka uwanja. Asubuhi Mastura akianza kukohoa, tulikuwa tunamwona Mama Kihara anakuja hadi mlangoni pake, anasimama hapo akisikiliza, kisha anarudi ndani. Kikohozi chenyewe kilizidi kuwa kibaya. Mastura aliuza viazi akiwa ameshika kifua, na badala ya kuyatazama mafuta kwenye karai, alikuwa anatazama kibanda cha makaa aone nani anapakwa nini.

Najwa aliyasikia hayo aliporudi jioni. Akanyamaza, na akaendelea kunyamaza wiki baada ya wiki. Mastura, ambaye hakuna kinachompita, alikiona kimya hicho akakielewa kinyumenyume. Alituambia hata mtoto ameumia kwa vile wameibiwa.

Siku moja katikati ya muhula Najwa alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa pale nanunua bajia. Kilikuwa kipande cha sabuni nyeupe, kimekatwa pande zote sawasawa, na harufu yake ilikuwa ya mchaichai.

"Tumetengeneza shule, Nyanya. Nimekuletea wewe."

Mastura hakunyoosha mkono. "Imetengenezwa na nini?"

"Magadi makali na mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya mnyama."

Nilijua linalokuja na nadhani Najwa alilijua pia.

"Mnyama gani?"

"Kondoo."

"Kondoo gani?"

Macho ya Najwa yakashuka hadi kwenye viatu. Kwa Mastura hilo lilitosha kabisa. Alichukua koleo la makaa, akaibana ile sabuni kama panya aliyekufa, akaitupa nje kwenye mvua.

"Nguruwe," akasema. "Umeniletea nguruwe mkononi. Kesho naenda kwa huyo mwalimu wako, halafu nampigia baba yako simu."

Najwa alitoka mbio akaiokota, akaipangusa kwa sketi yake ya shule, akiilia kana kwamba ni mtoto aliyeanguka.

Yaliyotokea shuleni ametusimulia Mastura mwenyewe, na ninamwamini kwa sababu hakujipendelea hata kidogo. Alifika saa ya mapumziko na buibui lake jeusi, hakusalimia mtu, akaelekezwa kwenye chumba cha mwisho ambamo Elphas alikuwa amevaa gambuti anapanga miche. Sabuni za darasa zima zilikuwa zimepangwa kwenye ubao dirishani, nyeupe pe.

"Karibu, mama. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Mafuta ya hii sabuni ulitoa wapi?"

Mwalimu akatabasamu. "Wewe ni wa Najwa," akasema, hata kabla hajaambiwa.

Alimweleza. Yeye alikuwa amepanga kuchukua mafuta kwa mwenye duka la nyama. Najwa akasimama mbele ya darasa akauliza ni ya mnyama gani. Mwalimu hakujua. Alipoenda kuuliza, hata mwenye duka alikiri kwamba ndoo yake ni ya mchanganyiko. Najwa akasema kama ni hivyo yeye hataishika, na wengine wawili watatu wakasema hivyo hivyo.

"Nikafikiria niwache hiyo somo," Elphas akasema. "Kesho yake akakuja na mafuta yake. Akaniambia, mwalimu, hii kila mtu anaweza gusa, hata nyanyangu. Darasa yote tukatumia hiyo. Kopo yenu iko hapo, nilikuwa nimrudishie."

Rafuni kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha buluu, limeoshwa likatakata.

Na mjue Mastura ni nani: hata hapo, macho yakiwa kwenye kopo, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba Mama Kihara alimuuzia mwalimu. Alimuuliza kabisa kama aliyeleta si mwanamke mnene wa makaa. Elphas alimtazama bila kuelewa.

"Ni Najwa, mama. Huyo msichana anauliza maswali! Sijui alitoa wapi hiyo tabia."

Mastura alikaa kwenye benchi la wanafunzi. Najwa alipoitwa, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mbona hukuniomba?" Mastura akamuuliza.

"Ningekuomba ungeuliza ni ya nini, nani atatumia, yenye itabaki itaenda wapi. Wenzangu wangemaliza project wewe bado unauliza." Akajifuta pua. "Nilikuwa nikuambie hiyo jioni. Lakini nikafika nikapata ushaingia kwa Mama Kihara ukapekua. Nikaogopa. Nikasema nikuletee sabuni kwanza, ukiipenda nikuambie."

"Na mimi nikaitupa."

"Ukaitupa."

Hakumgombeza. Alimwambia arudi darasani, na la Karagita halikutajwa, siku hiyo wala baadaye. Mwalimu akamfungia kopo kwenye gazeti, na Mastura akasahau kumuuliza gazeti ni la nani.

Aliporudi hakupitia kwake isipokuwa kuichukua ile sabuni alikoificha Najwa, kwenye begi la nguo. Mvua ilikuwa nyembamba. Tulikuwa watatu kwenye kibanda tukingoja kupimiwa makaa, na tulipomwona anakuja tukapisha, maana tulidhani ni vita vingine. Mama Kihara hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

"Mama Kihara."

Mama Kihara akaendelea kupima makaa.

"Nimekuletea sabuni. Najwa ametengeneza shule."

Mama Kihara aliitazama ile sabuni kwenye kiganja cha Mastura. Hakuipokea. Aliichungulia upande huu, akazunguka kidogo akaichungulia upande ule.

"Imetengenezwa na mafuta gani?" akauliza.

Hakuna aliyecheka.

"Ya kondoo."

"Kondoo gani?"

Mastura aliingiza mkono chini ya buibui akatoa kopo la kifuniko cha buluu, akaliweka juu ya gunia la makaa kati yao.

"Soma, Mama Kihara," akasema.

Mama Kihara alilifungua, akalinusa, akalitazama ndani muda mrefu ingawa hamkuwa na kitu. Mastura akaendelea, kwa sauti ya kusikika na sote, kama ile ya siku ya mfereji. "Mtoto alichukua akapeleka shule. Haukuiba. Nilisema mbele ya hawa watu, na nasema mbele ya hawa watu. Nimekukosea, Mama Kihara, na nimeona aibu." Alitaka kusema zaidi, lakini kikohozi kilimkamata kikamkunja hadi akashika nguzo ya kibanda.

Mama Kihara alingoja kipite. Aliichukua sabuni kwa mkono wake mweusi, ikabaki na alama za vidole, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akalipindua lile kopo tupu, akaligonga mara moja kwa kiganja.

"Mmeimaliza yote," akasema. "Sasa hiyo kifua nitaisugua na nini?"